Robo Moja ya Nati

"Mama Rawya, hebu niambie mimi jirani yako," Tahiya alimwuliza siku moja, amekaa kizingitini anachambua maharage kwenye ungo. "Huyu mumeo aliyeendesha pikipiki mabomu yakimnyeshea kichwani, alishindwaje na njia ya kwenda kununua mikate?"

Insaf alichukua kiganja cha maharage akaanza kuchambua naye, ingawa yalikwisha kuwa safi. Tahiya hakuuliza kwa ubaya. Ni mtu ambaye neno likimjia mdomoni halipiti kwanza kwenye baraza la moyo. Na swali lenyewe mtaa mzima wa Arbaini ulikuwa unaulizana, kwenye foleni ya mikate, kwenye ngazi, hata mlangoni pa msikiti. Tofauti ni kwamba wengine waliuliza kwa sababu hawakujua. Insaf alilijua jibu, na alidhani ni yeye peke yake katika mji wote wa Suez anayelijua.

Mumewe aliitwa Shauki. Alikuwa fundi wa waya za simu, mtu mwembamba, mpole, mwenye masikio makubwa ambayo wenzake walisema Mungu alimpa kwa sababu ya kazi yake. Hakuwahi kuwa mkubwa wa ofisi, na hakuwahi kutaka. Alichokuwa nacho ni pikipiki. Aliirithi kwa baba yake, na baba yake aliipata kwenye mnada wa vyuma walivyoviacha askari wa Kiingereza walipofunga kambi zao kando ya Mfereji. Ilikuwa nzito kama punda aliyekataa kuondoka. Haikuwa na ufunguo; ukijua kuipiga teke inawaka, usipojua utatoka jasho bure. Na mbele haikuwa na shokapu za mabomba kama za siku hizi. Ilikuwa na uma wa kizamani, miguu miwili ya chuma iliyoshikwa na viungo vidogo juu na chini, na springi moja nene katikati, kama mtu aliyekumbatia mto kifuani.

Siku ya harusi Shauki alimpakia Insaf nyuma, amekaa upande, shela limefungwa kiunoni lisinaswe na gurudumu. Mama yake Insaf alisimama barazani akisoma Ayatul Kursiy mpaka pikipiki ilipokata kona, akarudia tena kutoka mwanzo, kwa sababu alisikia bado inalia upande wa pili.

Nyumbani kwa Shauki kulikuwa na desturi moja ambayo Insaf hakuiona kwingine. Mjini, mkesha wa siku ya Kunusa Upepo, Waislamu kwa Wakristo, kila mtu ana shughuli: huyu anachemsha mayai ya rangi, yule anatafuta samaki wa chumvi asiyenuka kupita kiasi, yule anaosha vitunguu vibichi, maana kesho yake asubuhi hakuna anayebaki ndani, wote wanakwenda ufukweni kupokea majira mapya. Shauki siku hiyo hufungua uma wa pikipiki. Baba yake alifanya hivyo, naye akafanya hivyo. Alisema hawezi kumpeleka mke wake kunusa upepo juu ya kitu ambacho hajakitazama mifupa yake.

Basi uani hutandikwa gazeti. Pikipiki huinuliwa, kreti la mbao linawekwa chini ya injini, gurudumu la mbele linabaki hewani. Linatolewa gurudumu, inatolewa springi, vinatolewa viungo kimoja kimoja, vinapanguswa, vinasukumiwa grisi mpya mpaka ile chafu itoke pembeni kama dawa ya meno. Mwisho hufunguliwa shingo yenyewe, pale usukani unapogeukia, na humo ndimo mna gololi, ishirini juu na ishirini chini, zimelala kwenye vikombe vyake vya chuma.

Kazi ya Insaf ilikuwa kuhesabu. Alimaliza darasa la sita, na macho yake yalikuwa ya mwewe. Zikianguka kwenye bakuli la mafuta ya taa alizihesabu, zikirudi kwenye grisi alizihesabu tena. Mwaka wa kwanza wa ndoa ilipotea moja. Shauki alikuwa nazo mpya kwenye kopo, Insaf akamwambia, "Si uweke hiyo mpya, ukubwa ni ule ule?"

"Si ule ule," Shauki akasema. "Hizi zimelika pamoja. Ukiingiza mpya katikati yao itakuwa nene kidogo kuliko wenzake, kiasi cha unywele. Mzigo wote itabeba yenyewe, na itachimba kikombe. Ama ubadilishe zote, ama utafute iliyopotea."

Walitafuta mpaka adhana ya alasiri. Waliikuta kwenye bakuli la mayai ya rangi, imekuwa nyekundu. Shauki alicheka mpaka akakaa chini. Tangu hapo, kila mwaka, akishaanza kufungua shingo alimwambia mkewe, "Funika mayai kwanza."

Baada ya kufunga kila kitu hubaki kipimo. Shauki aliusogeza usukani kidogo kwa kidole kimoja, kisha akaondoa kidole. Ukianguka wenyewe upande ule, kwa uzito wake, polepole, kama mtu anayeinamisha kichwa kulala, basi nati imekaa sawa. Ukisimama katikati, imebanwa mno. Kisha alishika miguu ya uma kwa chini, akaivuta na kuisukuma, na Insaf aliweka kidole kwenye shingo asikilize kama inacheza.

"Usiogope iliyolegea," alimwambia, na alilisema hili kila mwaka kama watu wanavyosema dua. "Iliyolegea inakugongea mlango. Ukishika breki unaisikia, ko, ko, inakuambia baba, njoo unikaze. Ya kuogopa ni iliyobanwa. Iliyobanwa inakunyamazia. Unadhani ni barabara, unadhani ni upepo, unadhani ni wewe, kumbe usukani unakataa kukurudisha ulipotoka."

Insaf aliitikia, "Ndiyo, Baba Rawya," huku anafikiria samaki. Ni maneno ya mwanamume na chuma chake. Nani ayaweke moyoni?

Vita vilipokuja, mwaka wa sitini na saba, watu wa Suez walihamishwa. Insaf alipelekwa mashamba ya Sharqiya, kwenye chumba cha shule kilichogawanywa kwa mablanketi baina ya jamaa nne, na humo ndimo alimozaliwa binti yao Rawya. Shauki alibaki. Walihitajika watu wa simu. Alizunguka mji uliobomoka na roli la waya mgongoni, na palipokatika aliunga, na pakikatika tena aliunga tena. Barua zilikuja kwa nadra. Kisha vikaja vita vingine, mji ukazingirwa siku mia moja, na barua hazikuja kabisa. Insaf alijifunza kuomba bila kumtaja jina, maana kila alipolitaja alilia, na mtoto alikuwa anaogopa.

Njia ilipofunguliwa, asubuhi moja walisikia mlio ukitoka upande wa mfereji mdogo wa mashamba. Insaf alitoka na unga mikononi. Shauki alikuwa amekonda, ndevu zimemfunika, na mguu mmoja wa uma wa pikipiki ulikuwa umepinda, umefungwa gango la chuma cha kitanda na waya wa simu, mizunguko isiyohesabika.

Rawya, aliyekuwa na miaka sita na hakuwa akimjua baba yake ila kwa picha, akauliza, "Imevunjika mguu?"

"Imevunjika," Shauki akamwambia. "Lakini gololi zote zimo. Mama yako aje azihesabu."

Wanawake wa chumba kile walicheka mpaka wakashikana. "Loo, mtu katoka kaburini, salamu ya kwanza gololi!" Insaf alipita nyuma ya blanketi lake, akauziba mdomo kwa mkono wenye unga, akalia kilio alichokuwa amekiweka akiba tangu mtoto hajazaliwa.

Walirudi Suez. Waliezua, wakaezeka, wakapaka chokaa. Shauki akaupeleka ule mguu wa uma kwa mhunzi ukanyooshwa, lakini kipande cha waya wa simu alikiacha kimefungwa pale, hakikuwa na kazi, na hakuna aliyethubutu kukitoa. Miaka ikapita kama meli za Mfereji, moja nyuma ya nyingine, ukiziangalia huoni zikienda. Rawya akaolewa Ismailia na kijana mwema aitwaye Hisham. Shauki akastaafu. Kila Ijumaa baada ya alasiri alipanda pikipiki kwenda tanuri la Gharib kununua mikate, ingawa tanuri halikuwa mbali na angeweza kutembea. Na kila mkesha wa Kunusa Upepo ilifunguliwa shingo, na Insaf alihesabu, ishirini na ishirini.

Kutetemeka kulianza kwenye kidole gumba cha kulia. Insaf alikiona kabla ya mwenyewe, kwenye bilauri ya chai. Baadaye chai ikawa inamwagika kisahanini, na Shauki akawa anainywea humo kisahanini na kusema, "Ndivyo walivyokunywa wazee." Daktari aliwaambia jina la ugonjwa, akaandika vidonge, akasema mikono itatetemeka, kisha itakuwa migumu, na hakuna wa kulaumiwa.

"Na pikipiki?" Insaf aliuliza.

"Pikipiki gani, mama? Mzee huyu?" daktari akashangaa. Shauki alikuwa ameshainuka anatafuta kofia yake.

Rawya alipiga simu. "Mama, mfichie ufunguo!"

"Mwanangu, ina ufunguo hiyo?"

"Basi mkataze."

Kumkataza. Insaf alilifikiria neno hilo siku nyingi. Unamkatazaje mtu kitu alichokipenda kabla hajakupenda wewe? Kitu kilichomleta kwako akiwa hai? Angetii, hilo alilijua. Shauki hakuwahi kumpandishia sauti. Angeketi kwenye kiti, angenywa chai kisahanini, na angekufa mbele yake kidogo kidogo huku anatabasamu. Lakini wiki ile ile basi la wafanyakazi wa bandari nusura limkumbe pale penye reli. Mkono ulichelewa kushika breki. Gharib mwenyewe alikuja kumnong'oneza Insaf. "Mama Rawya, mimi sisemi kitu. Lakini Ami Shauki siku moja ataletwa na watu."

Akili ya mtu mwenye hofu ni kama paka kwenye gunia, hutokea palipo na tundu lolote. Insaf aliwaza: ikiwa pikipiki itakuwa nzito mkononi, ataichoka mwenyewe. Ataiacha kwa hiari yake, asikatazwe na mke wala binti wala daktari. Kutoboa gurudumu hakufai, angeziba kwa dakika tano. Lakini shingo hufunguliwa mara moja tu kwa mwaka. Na kuikaza aliona ikikazwa miaka karibu arobaini.

Alifanya Ijumaa, saa ya sala, kwa sababu ndiyo saa pekee ambayo Shauki hakuwa nyumbani. Alitia udhu kwanza, sijui kwa nini. Labda mikono yake ilitaka kitu safi. Kisha akatoa spana kwenye sanduku, akalegeza bolti ya kubania, akaweka spana kwenye nati kubwa ya shingo na kuikaza. Mara ya kwanza spana iliteleza ikakwangua chuma, ikaacha alama ing'aayo. Mara ya pili ilishika. Akaizungusha robo moja, akairudishia bolti. Kutoka msikitini sauti ya khatibu ilikuwa inamfikia kwa kipaza sauti. Alikuwa anahutubia juu ya ubora wa kuchimba visima. Hakusema neno hata moja lililomhusu, na hilo ndilo lililomwuma: kwamba alipewa nafasi yote na hakuzuiwa.

Shauki alirudi, akala, akalala kidogo, akasali alasiri. Akapiga teke, pikipiki ikawaka. "Mikate mingapi?"

"Kumi," Insaf akasema. "Au acha leo, Baba Rawya. Nitakwenda mimi."

"Wewe una miguu, mimi nina pikipiki," akamjibu, kama alivyomjibu kila Ijumaa, akaondoka.

Hakufika. Pale penye kona ya tanuri, kwa mwendo wa mtu atembeaye, pikipiki ilianza kuyumba, kushoto, kulia, kushoto, kama mlevi anayetafuta mlango wa nyumba yake. Watu wa foleni walimwona akipambana nayo. Ikamlalia. Bega lilivunjika, na paji la uso lilipasuka kwenye ukingo wa barabara. Gharib alimbeba kama mtoto, aproni yake imejaa unga na damu, na njia nzima Shauki alikuwa anasema neno moja, alilisema hata alipowekwa kitandani mbele ya mkewe:

"Mikono yangu imenisaliti, Insaf. Niliiambia irudi, haikurudi."

Ndipo likamjia. Miaka arobaini ya maneno yaliyopita sikio hili na kutokea lile yakasimama mbele yake safu moja. Iliyobanwa inakunyamazia. Unadhani ni wewe. Hakumfanya aichoke pikipiki. Alimpa kitu kilichokataa kumrudisha, akamwacha aende nacho barabarani.

Angesema palepale. Alifungua mdomo. Lakini daktari wa zamu aliingia, kisha Rawya akaja akilia, kisha likaja bandeji, kisha homa. Akajiambia, bega likipona. Bega likapona, likiwa limeinama. Akajiambia, tukimaliza Ramadhani, nisimharibie funga. Ramadhani ikaisha. Kila siku iliyopita iliongeza tofali kwenye ukuta, na mwisho hakujua tena mlango ulikuwa wapi. Alifunga siku tatu, akatoa sadaka, akasali rakaa mbili za toba mpaka magoti yakawaka moto. Haikusaidia, maana alijua vizuri kile alichofundishwa tangu chuo cha Qurani: kosa la mja kwa Mola wake, Mola husamehe; lakini kosa la mja kwa mja husubiri mwenyewe aliyekosewa. Na huyo aliyekosewa alikuwa amekaa kwenye kiti, pikipiki iko chini ya turubai, anawaambia watu kosa ni la mikono yake.

Ndiyo maana Tahiya alipouliza swali lile, Insaf alichambua maharage yaliyokwisha kuchambuliwa.

Majira ya baridi yakaondoka. Mkesha wa Kunusa Upepo, Shauki akasema, "Toa turubai."

"Leo? Na bega hilo?"

"Wewe utafungua, mimi nitasema. Lete kreti."

Waliinua pamoja, mke na mume, wakihema. Gurudumu la mbele likabaki hewani. Insaf akaleta bakuli la mafuta ya taa, akatandika gazeti. Shauki alivuta kiti karibu. Akanyoosha mkono wake unaotetemeka, akausogeza usukani kidogo kwa kidole kimoja, akaondoa kidole.

Usukani ulisimama.

Akaugusa upande wa pili. Ukasimama. Akaupeleka katikati, akaugusa kidogo mno, kama unavyogusa shavu la mtoto aliyelala kujua kama ana homa. Ukasimama hapo hapo alipouacha. Insaf alishika bakuli kwa mikono miwili.

Shauki aliinama. Akapitisha ukucha juu ya nati, taratibu, akafika kwenye ile alama ya spana iliyoteleza. Ukucha ukakaa hapo. Chai aliyowekewa ilipoa ikafanya utando.

"Leo tusifungue," akasema.

"Hatufungui?"

"Haikutembea mwaka huu. Grisi bado nzima."

"Basi angalau nihesabu—"

"Gololi zimo, Insaf. Hazikwenda popote." Akajifuta kidole kwenye kanzu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, kila siku alitafuta kitambaa. "Rudisha turubai. Na mayai usiyafunike mwaka huu, hakuna haja."

Insaf aliweka bakuli chini. Neno lilikuwa limemfika kooni. Na hapo hapo mlango ukasukumwa, Tahiya akaingia na fungu la vitunguu vibichi. "Jamani, nyumba hii leo haina kelele za vyuma? Baba Rawya, umebadili dini?" Neno likarudi lilikotoka.

Kesho yake Gharib alipita na mikate ya moto, ya bure, kwa sababu ya sikukuu. Alikuwa mtu wa mzaha, na mzaha wake haukujua kupumzika. "Ami Shauki! Sisi foleni nzima tuliona. Ukiulizwa siku ya Kiyama nani alikuangusha, utamtaja nani? Usije ukanitaja mimi na mikate yangu!"

"Mikono yangu, Gharib," Shauki akasema. "Andika hivyo. Pikipiki haina kosa, na hakuna mtu mwenye kosa."

Insaf alikuwa jikoni anasafisha samaki wa chumvi. Aliyasikia maneno yale akayaona ni yale yale ya siku zote. Akanawa uso, akasema ni vitunguu.

Kiangazi Shauki aliugua kifua. Hakulalamika, alipungua tu, kama sabuni. Kitanda chake kilisogezwa dirishani ili apate upepo, na dirisha lilitazama uani, kwenye turubai. Rawya na Hisham walikuja, wakakaa. Siku ya Jumanne Hisham, ambaye siku zote aliipenda pikipiki ile na hakuwahi kuiomba, alikaa ukingoni mwa kitanda akashika mguu wa mzee. "Baba, nikuombe kitu? Hiyo ya uani nisiione inauzwa kwa vyuma. Nipe mimi. Nitaiendesha mimi mwenyewe mpaka Ismailia, polepole, kando ya Mfereji."

Insaf alikuwa mlangoni na sinia. Alisikia yote.

Shauki alifumba macho, akafumbua. "Chukua. Lakini usiiguse kabla ya Alhamisi."

"Kwa nini Alhamisi, Baba?"

"Kwa sababu nimesema."

Hisham akacheka, akambusu mkono. Insaf hakulala. Barabara ya Ismailia ina malori. Hisham ana watoto watatu. Angeweza kunyemelea uani akailegeze kimya kimya, kama alivyoikaza. Lakini dirisha lilikuwa wazi na macho ya mgonjwa hayakuondoka kwenye lile turubai. Hakuna njia isiyopita mbele yake. Alipofika hapo katika mawazo, alijiona kama mtu aliyezunguka mji mzima akijificha, kumbe mwisho wa kila barabara ni mlango mmoja. Akasali alfajiri, akamwomba Mungu ampe ulimi.

Jumatano, baada ya adhuhuri, Rawya alikwenda sokoni na Hisham akaenda duka la dawa. Insaf aliingia chumbani, akaketi sakafuni karibu na kichwa cha kitanda, mahali alipokaa miaka yote akihesabu.

"Baba Rawya," akasema, "nina neno. Nimekaa nalo mpaka limenioza."

Shauki aligeuza uso. Alikuwa amebaki masikio na macho.

"Ile Ijumaa," Insaf akaanza, na sauti ikamkatika, akaanza tena. "Ile Ijumaa, wewe ulipokuwa msikitini, mimi..."

Shauki aliinua mkono kidogo kutoka kwenye shuka, ule wa kulia, unaotetemeka, akauweka juu ya kichwa cha mkewe, na ukiwa pale juu ulitulia. Pumzi yake ilikuwa fupi, kwa hiyo alisema kwa vipande, akipumzika kati ya neno na neno, bila kumtazama, anatazama uani:

"Kabla Hisham hajaipanda, ilegeze ile robo uliyoikaza. Weka kreti kwanza. Uguse usukani kwa kidole kimoja, na ukianguka wenyewe, niite nisikie."